Siku Niliyong'oa Mafiga

Nilifundisha neno lile kwa kujiamini kabisa, na hilo ndilo linaloniudhi hadi leo. Ilikuwa kidato cha pili, shule moja hapa Kibiti, kipindi cha mwisho kabla ya chakula cha mchana. Mvua za vuli zilikuwa zimechelewa na bati lilikuwa linatuchoma utosini. Niliandika ubaoni "telekeza", nikawaambia watunge sentensi. Zikaja zile zile za miaka yote: baba ametelekeza familia, mama ametelekeza mtoto mchanga, nahodha ametelekeza abiria. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akaandika, "Bibi ametelekeza shamba." Nikamwekea mkasi, alama ya kosa, kwa wino mwekundu.

Nikasimama mbele kuwaeleza. Shamba huachwa, nikasema. Nyumba huachwa, kazi huachwa, kiatu kibovu huachwa njiani. Ili utelekeze lazima upande wa pili awepo mwenye pumzi, anayekutegemea, na anayejua kwamba umeondoka. Shamba halijui kitu. Yule msichana alinitazama kama mtu anayetaka kusema jambo, kisha akainamisha kichwa. Kamusi ilikuwa upande wake, nami nilijua, lakini nikishaanza kueleza jambo huwa sirudi nyuma kirahisi.

Saa nane nilipotoa simu mkobani nilikuta ujumbe wa mwenyekiti wa kitongoji chetu kule Mbwera. "Mwalimu, salaam. Shamba la mama yenu mmelitelekeza, kila mtu ameona. Mtoto wa mama yako mdogo ameshaanza kulifyeka. Kama mna la kusema, njooni Ijumaa baada ya sala."

Nilicheka kwa hasira. Shamba lile mama amelilima tangu kabla sijazaliwa. Ni eneo la mpunga lenye udongo mweusi, limepakana na mikoko, na katikati yake limesimama dungu, kile kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo ambacho watu wa kwetu huhamia msimu mzima kulinda ndege na nguruwe. Nilijifunza kusoma humo humo, mama akipiga debe kufukuza ndege na mimi nikikokoteza silabi. Halafu mtu aniambie tumelitelekeza, tena kwa neno nililotoka kulifundisha muda huo huo.

Ni lazima nieleze mama alivyoondoka pale, kwa sababu kosa lote liko hapo.

Kiharusi kilimkuta mwaka jana, mpunga ukiwa umeshavunwa na kupepetwa. Nilipofika nilimkuta amelala dunguni, upande wa kulia hausogei, mdomo umepinda, hawezi kutamka hata jina langu. Nikaamua palepale kwamba anakuja kwangu Kibiti. Nami nikiamua jambo nalifanya kwa usafi. Nikafagia dungu lote. Nikakunja majamvi, nikafunga sufuria, ungo, chungu cha maji na jembe. Nikaingia kibanda cha kupikia kilicho ubavuni mwa dungu, nikayaona mafiga yake matatu.

Mtu wa bara huenda asione thamani yake. Delta yetu, pale mto unapoingia baharini, haina jiwe. Ukichimba ni tope, ukizidi kuchimba ni tope na maganda ya chaza. Wengi hupikia mafiga ya udongo yanayomumunyuka kila masika na kufinyangwa upya. Haya ya mama yalikuwa mawe ya kweli, meusi kwa masizi, ambayo bibi yangu alikuja nayo kutoka nchi kavu alipoolewa. Nikasema siwezi kumwachia mtu mawe kama haya. Nikayang'oa moja baada ya jingine, nikayafuta majivu, nikayatia kwenye gunia.

Mama alikuwa ameshalazwa ndani ya boti. Alipoliona gunia na kusikia mawe yakigongana alianza kulia, kwa sauti isiyokuwa na neno ndani yake. Alilia mkondo mzima. Nikamfuta machozi kwa ncha ya kanga nikamwambia, "Usijali mama, sijaacha kitu."

Hivyo ndivyo nilivyosema. Sijaacha kitu.

Siku ya ule ujumbe nilimsomea akiwa amekaa kwenye kiti chake barazani. Ulimi wake ulikuwa umesharudi kwa kiasi, maneno yakitoka taratibu lakini yakieleweka. Nilidhani atashangaa, atamlaani mtoto wa mdogo wake. Hakushangaa hata kidogo.

"Si umeng'oa mafiga," alisema.

"Ndiyo, niliyachukua. Si yale pale?" Mawili nilikuwa nayatumia kuzuia mlango wa banda la kuku. La tatu nilikuwa nalikalia nikifua. Alikuwa akiyatazama kila siku ya Mungu kutoka kwenye kiti kile.

Ndipo akaniambia, neno kwa neno, akipumzika katikati. Kwetu mtu akiondoka dunguni anaweza kuchukua vyote, jamvi, sufuria, hata mlango. Mafiga hayaguswi. Yakibaki, hata majani yakiota hadi kiunoni, shamba lina mwenyewe na mwenyewe atarudi. Yaking'olewa, mwenye shamba amesema kwa mkono wake kwamba hapataki tena, na mwingine anaruhusiwa kulichukua. Mimi niliondoka Mbwera nikiwa na miaka kumi na mmoja kwenda kusoma, na jambo ambalo halijawahi kutokea nyumbani kwenu hakuna anayekaa chini akakueleza.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nilikwambia. Nililia mpaka tukashuka Nyamisati."

"Na baadaye, ulipoanza kusema?"

Akaangalia mkono wake wa kulia uliolala mapajani. "Nianze kukugombeza, na weye ndo unayenilisha?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kwa mwaka mzima na zaidi mama alikuwa akiniogopa. Nilisikia aibu mpaka masikio yakawaka. Nikaenda kwenye banda la kuku nikayatoa mawe yale, nikayasugua na kuyarudisha kwenye gunia. Mama akanitazama mpaka nikamaliza.

"Kayarudishe," alisema. "Wasije wakasema nimekitupa kitu cha mama yangu."

Kumwacha hakukuwa jambo jepesi. Hawezi kusimama bila kushikwa. Jirani yangu, mjane anayekaanga vitumbua, alikubali kuhamia kwangu mpaka nirudi. Hesabu yangu ilikuwa fupi: niondoke Alhamisi, niongee Ijumaa, nipande boti ya Jumamosi asubuhi. Boti hiyo ilikuwa ya mwisho kabla ya maji mafu, zile siku ambazo bahari haijai vya kutosha na mikondo myembamba haipitiki kwa mashine. Baada ya hapo hakuna boti mpaka Jumatano. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa huku akinuna.

Ijumaa tulikaa kwenye baraza la ofisi ya kijiji, mwenyekiti, wazee wanne, mama mmoja mzee wa ukoo wetu, na huyo ndugu yangu, mtoto wa mama mdogo, niliyemjia juu tangu nilipomwona. Ni mdogo wangu kwa miaka michache, mikono yake imejaa makovu ya kukata mikoko, ana watoto watano na hana shamba la mpunga la kwake. Nilimwita mnyang'anyi kabla hata kikao hakijafunguliwa. Yeye alinisubiri nimalize.

"Miye sijaiba, dada," alisema. "Nimepita pale msimu mzima. Hamna moto, hamna figa. Nikauliza, nikaambiwa mwalimu kang'oa mwenyewe. Shamba limetelekezwa, nimeliokota. Ningeliacha lirudi kuwa pori?"

Nikasema mama hajatelekeza chochote, ni mgonjwa, na kosa ni langu. Nikalifungua gunia wakaona mawe. Yule mama mzee akayagusa, kisha akaniuliza bila ukali wowote, "Na huyo mama yako mgonjwa, sasa hivi yuko na nani?"

"Yuko na jirani."

"Na jirani," alirudia, akageukia pembeni. Nilihisi wote wamelifikiria neno lile lile na kuniwekea mimi mkasi.

Uamuzi wao ulikuwa huu. Kwa kuwa mbegu haijaingia ardhini, aliyeng'oa mafiga anaweza kuyarudisha. Awashe moto leo, na moto uwake siku tatu, asubuhi na usiku, bila kuzimika, akilala pale mwenyewe au mtu atakayemkabidhi. Ukifika Jumatatu asubuhi unawaka, shamba ni la mama. Ukizimika hata mara moja, ni la aliyeanza kufyeka. Siku tatu maana yake ilikuwa kuikosa boti ya Jumamosi na kukwama mpaka Jumatano. Nikashuka gatini kumpigia jirani, akasema hamna neno, kaa.

Niliyapanga mafiga mahali pake, nikawasha, nikasukuma gogo la mkoko katikati kwa sababu linakaa na moto muda mrefu. Mwanzoni moshi ulitapakaa kibanda kizima. Nililia, na si kwa moshi peke yake.

Jumamosi asubuhi moto ukiwa mzima nilikwenda mbio gatini, mahali pekee simu inaposhika vizuri, kumjulia hali mama. Boti ilikuwa inapakia. Ndugu yangu alikuwapo pia, amekuja kumuuzia mwenye boti matenga ya kaa, na nilijua amekuja kuhakikisha kama ninapanda.

Jirani alipokea akilia. Dada yake alikuwa amefariki alfajiri huko Mtawanya, wanazika adhuhuri, gari liko mlangoni linamsubiri. "Nisamehe mwalimu. Nimemwogesha, nimempa uji, nimemwekea maji karibu. Watu wa mtaa wote wanakwenda msibani. Sina wa kumwachia."

Nikaomba nizungumze na mama.

"Umewasha?" Hilo ndilo lilikuwa neno lake la kwanza.

"Unawaka, mama. Lakini jirani anaondoka."

"Nasikia. Kaa huko huko."

"Mama, mpaka Jumatano?"

"Watu watarudi kutoka kuzika. Nitalala tu. Kaa na moto." Simu ikakatika, au aliikata.

Nilisimama pale na simu mkononi. Mwenye boti alikuwa anafungua kamba. Nikikaa nimemtii mama na nimemwacha peke yake, mtu asiyeweza kusimama mwenyewe. Nikiondoka nimemtupia shamba lake kwa mara ya pili, na safari hii siwezi kusema sikujua. Nilitamani mtu mwingine aamue. Nilimchukia jirani kwa kufiwa, kisha nikajichukia kwa kumchukia.

"Panda, dada," alisema ndugu yangu. Alikuwa amesikia yote. "Moto nitaulinda miye."

"Wewe? Ukizimika shamba ni lako."

"Najua."

"Na ukiwaka mpaka Jumatatu umelikosa, na kazi yako yote ya kufyeka imekwenda bure."

"Hilo nalo najua."

"Sasa kwa nini nikuamini?"

Akashusha tenga la mwisho, akajipangusa mikono kwenye kikoi. "Usiniamini. Panda, maji yanatoka."

Nikamwambia mwenye boti ashuhudie kwamba nimemkabidhi. Nikapanda. Kwa mbali niliuona moshi wa kibanda juu ya mikoko, kisha mkondo ukapinda na sikuuona tena. Njia nzima nilikuwa namwona akimwaga kata moja tu ya maji. Nani angejua? Kata moja, halafu angesema ni mvua. Nilijisemesha kwa sauti mpaka mama mmoja aliyekuwa na kuku wake akanihamia upande wa pili.

Nilifika Kibiti saa kumi. Mlango ulikuwa umerudishiwa tu. Kitanda kilikuwa kitupu. Mama alikuwa sakafuni, kati ya kitanda na ndoo, shavu limelalia saruji, kanga imelowa. Kikombe kilikuwa kimebingirika hadi ukutani. Ilionekana amejaribu kufikia maji mchana, akaanguka, akabaki hapo. Macho yake yalikuwa wazi na makavu.

"Nilikwambia ukae," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Moto je?"

"Nimemkabidhi mtoto wa mdogo wako."

"Umempa fisi bucha," akasema, akafumba macho. Nilimwinua, nikamwosha, nikambadilisha nguo. Alikuwa mzito na hakunisaidia hata kidogo. Uji aliunywa kwa kuwa ana kiu, si kwa kuwa amenisamehe.

Jumapili mvua ilimwagika tangu alasiri, mvua kubwa ya upepo, nami nilijua ikinyesha namna ile Kibiti, deltani inanyesha mara mbili. Nilipiga simu Mbwera mara nyingi sana bila kupata mtu. Mama alikuwa akisikia ninavyopiga, hakuuliza. Tulikaa chumba kimoja siku nzima watu wawili tunaopendana, kila mmoja akiusikiliza moto ulioko mbali ambao huenda ulikuwa umeshakufa.

Jumatatu sikwenda shule mpaka saa nne simu ilipolia. Niliweka sauti kubwa ili mama asikie.

"Mwalimu, nimetoka huko sasa hivi," mwenyekiti alisema. "Moto unawaka. Shamba ni la mama yenu."

Nikasikia simu inahama mkono, kisha sauti ya ndugu yangu, imekauka na imechoka. "Dada, njooni mchukue shamba lenu. Jana mvua ilitaka kuniaibisha. Nimefungua turubai la mtumbwi nikaufunika moto, nikalowa miye. Macho yamevimba, mke wangu ananiuliza nimepigana na nani."

Nikaanza kumwomba msamaha kwa yale niliyomwita Ijumaa. Mama akaninyooshea mkono wake mzima, akataka simu. Nikamshikia mdomoni.

"Weye," alisema.

"Naam, mama mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Kwa nini hukuuzima?"

"Si dada kaniachia mkononi? Kikishakuwa mkononi mwangu nitakizimaje?"

Mama alipumua mara kadhaa, akiyakusanya maneno. "Basi lima weye. Lima mpaka wanao wakue. Mafiga usiyang'oe."

Ndugu yangu akasema, "Nimesikia, mama mkubwa," na sauti yake haikuwa ya mtu wa utani tena.

Kesho yake niliingia darasani nikaomba daftari la yule msichana wa dawati la nyuma. Nikaufuta mkasi kwa kuandika "sahihi" juu yake, nikawaambia wote kwamba niliwadanganya kwa ubishi wangu, na kwamba shamba linaweza kutelekezwa, na kuna watu wanaolitambua hilo kwa mawe matatu tu. Hawakuelewa habari ya mawe. Nikaendelea na somo.

Jioni nilikuwa namwosha mama miguu kwenye beseni, kama ninavyofanya kila siku kabla ya magharibi. Nilikuwa nimemsimulia habari ya darasani na lile neno, naye alinisikiliza amefumba macho. Nilidhani amesinzia.

"Jumamosi nilikwambia ukae," alisema.

"Ulisema, mama. Nisamehe."

"Nilipokata simu nikaanza kuusikiliza mlango. Tangu ile asubuhi. Pikipiki ikipita, nasikiliza. Nilipoanguka sikuwa natafuta maji. Nilisikia hatua nikadhani ni weye."

Nilikuwa nimeushika mguu wake usiosikia, sikuuachia.

"Ungekaa huko, ningekutetea," alisema. "Watu wangekusema, miye ningewaambia nimemtuma mwenyewe, mwacheni mwanangu. Ningewaambia wote." Akasubiri maneno yamfikie. "Lakini moyoni ningelisema lile neno lako la ubaoni, na ningekufa nalo."